Kutibu kuhara bila kumjua mdudu

Lalamiko kwamba watoto wanaoharisha hutibiwa bila kupimwa lina mantiki. Mtoto anaharisha tangu jana, anapelekwa kituo cha afya, na mhudumu hachukui hata choo cha kupima. Anamtazama macho kama yamebonyea, anavuta ngozi ya tumbo kidogo na kuiachia, anampa maji aone anavyoyanywa. Kisha anatoa pakiti za ORS, unga wa chumvi na glukosi wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, anasema mrudishe akizidiwa. Mzazi anaondoka na swali lake mkononi: mwanangu ana nini hasa? Wanaolirudia swali hilo leo ni pamoja na watu wanaoijua sayansi vizuri. Wanasema vipimo vya vinasaba vinaweza kutambua vimelea ishirini na zaidi katika sampuli moja ya kinyesi, kwa hiyo kumtibu mtoto bila kujua anachoumwa ni kubahatisha.

Basi tuangalie vipimo vyenyewe vimetuonyesha nini. Utafiti mkubwa unaotajwa kila mara ni GEMS, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia na kutoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2013. Watoto chini ya miaka mitano waliougua kuhara kwa kiwango cha kati au kikali walilinganishwa na watoto wa rika lao, wa maeneo yaleyale, wasioharisha. Matokeo yanayonukuliwa ni kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ilitokana na vimelea vinne: kirusi cha rotavirus, bakteria Shigella, kimelea Cryptosporidium na aina moja ya bakteria E. coli inayotoa sumu. Hayo hayana ubishi.

Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba kimelea kimoja au zaidi kilipatikana kwa asilimia 83 ya watoto wagonjwa, na kwa asilimia 72 ya watoto wasioharisha.

Namba hiyo ya pili haijaniacha tangu niisome. Chukua watoto mia moja wanaocheza uwanjani, hakuna anayeumwa tumbo, uwapime wote. Sabini na wawili watarudi na karatasi yenye jina la mdudu. Ni kweli namba hiyo ni ya maeneo ambako maji na mazingira si salama, na penye usafi zaidi ingeshuka. Lakini huko kwenye maji machafu ndiko kuhara kunakoua. Giardia, kimelea kingine cha utumbo, ni mfano mzuri: ilionekana kwa wasioharisha sawa na wagonjwa, na katika baadhi ya rika ilionekana zaidi kwa wasioharisha. Mtoto mwenye kuhara akipimwa leo na kukutwa na Giardia, je, ndiyo inayomharisha, au ilikuwa humo mwezi mzima na aliyeleta balaa ni mwingine? Watafiti walipata jibu kwa kulinganisha maelfu ya wagonjwa na maelfu ya wazima. Kwa mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni, hesabu ya namna hiyo haifanyiki.

Sampuli za GEMS zilipopimwa upya kwa njia ya vinasaba, matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kuwa wingi wa kimelea ndani ya kinyesi una maana kubwa kuliko kuwepo kwake tu. Ni hatua nzuri. Ila maabara inayoweza kupima wingi huo haipo kwenye vituo wanakopelekwa wengi wa watoto hawa.

Upande wa pakiti za ORS, kwa maoni yangu, umeeleweka vibaya kuliko huo wa vipimo. Rotavirus huharibu seli za juu za ukuta wa utumbo mwembamba. Kipindupindu, na ile E. coli yenye sumu, huzilazimisha seli kumwaga chumvi na maji bila kukoma. Cryptosporidium hujichimbia ndani ya seli zenyewe. Njia ni tofauti, lakini kinachomuua mtoto haraka katika hali zote hizo ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Na utumbo una mlango mmoja unaoendelea kufanya kazi hata sumu ya kipindupindu ikiwa imeshaushika: glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji hufuata. ORS imetengenezwa kwa ajili ya mlango huo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu, akawapa wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi wanywe. Vifo vilivyokuwa vikifikia asilimia 30 vilishuka hadi karibu asilimia 3. Anayeita hiyo tiba ya kubahatisha hajaielewa.

Tatizo la ORS ni kwamba haifungi choo. Mchanganyiko mpya uliopitishwa mwaka 2002 hupunguza kiasi cha kuhara na kutapika, na zinki hufupisha siku za ugonjwa, lakini mtoto anayepona vizuri anaweza kuendelea kuharisha kesho na keshokutwa. Mzazi anapima dawa kwa choo, na kwa kipimo hicho pakiti inafeli hata pale inapookoa maisha. Watoa huduma nao wanalijua hilo, au wanadhani wanalijua. Utafiti uliofanyika India, ukachapishwa mwaka 2024, uliuliza kwa nini wanaotoa matibabu hawaandiki ORS ilhali wanajua inafaa. Kuisha kwa dawa kulieleza asilimia 6 tu ya tatizo, na faida ya kuuza dawa nyingine asilimia 5. Kudhani kwamba mgonjwa haitaki ORS kulieleza asilimia 42. Mtoto anapewa antibiotiki kwa sababu mtoa huduma anadhani mzazi atajisikia amedharauliwa akipewa unga wa chumvi. Wakati huohuo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), kuhara huua takriban watoto 440,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka.

Antibiotiki hazigusi rotavirus wala virusi vingine. Kwa aina nyingine ya E. coli, ile inayotoa sumu iitwayo Shiga, zinaweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Na Cryptosporidium hata ukiijua kwa jina, dawa ya kuaminika kwa mtoto mchanga mwenye utapiamlo hakuna. Jina limepatikana, tiba imebaki kuwa maji na chakula.

Hapo wapinzani hujibu kwa Shigella, na hapo wana haki. Kanuni ya sasa ni kumpa antibiotiki mtoto anayeharisha damu, kwa sababu damu huashiria Shigella. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba watoto wengi wana Shigella bila damu kuonekana, na kanuni hiyo inawapita. Jaribio la ABCD, lililohusisha watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara maji katika nchi saba, lilitoa antibiotiki ya azithromycin kwa siku tatu kwa nusu yao. Ndani ya siku 180 walikufa watoto 20 kwa waliopewa dawa na 28 kwa wasiopewa, tofauti isiyotosha kuthibitisha kwamba dawa iliokoa maisha. Lakini uchambuzi uliofuata uliwatenga watoto ambao kuhara kwao kulielekea kuwa kwa bakteria, na hao walinufaika. Kuwapa wote si sahihi, na kuwanyima wote wasioharisha damu nako kuna gharama.

Kumjua mdudu kumeleta faida kubwa zaidi mbali na kitanda cha mgonjwa. Ruth Bishop na wenzake waliona rotavirus mjini Melbourne mwaka 1973; mwaka 2009 WHO ikapendekeza chanjo yake kwa nchi zote, na mtoto anayechanjwa hahitaji kupimwa choo. Kwa Shigella, chanjo za watoto bado ziko kwenye majaribio. Kwa sasa ningependelea kipimo cha haraka cha Shigella peke yake, kinachotoa jibu mzazi akiwa bado kwenye benchi, kuliko mashine ya kutaja vimelea ishirini. Na huku jibu likisubiriwa, mtoto awe anakunywa ORS.