Mto haukuumbwa kuwa mpaka

Juzi nilisikiliza redioni mjadala kuhusu mipaka ya nchi, na mchangiaji mmoja, tena msomi, akatamka bila kusita kwamba hakuna mpaka wa asili kuliko mto. Hakuna aliyempinga. Mtangazaji alimshukuru kwa ufafanuzi, wakaingia mada nyingine, nami nikabaki nikibishana na redio.

Ikiwa kuna kitu ambacho maumbile hayakukikusudia kutenganisha watu, ni mto. Mto hupita mahali pa chini kabisa katika bonde lake, na kila tone linaloangukia miteremko ya pande zote mbili, likisalimika kunywewa na ardhi au kukaushwa na jua, huteremka kukutana na wenzake palepale. Anayetaka kuona maji yakiachana apande hadi kwenye mgongo wa milima, ambako mvua ya ubavu mmoja huelekea bahari hii na ya ubavu wa pili bahari ile. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufuata mgongo wa aina hiyo kwa masafa marefu, ukitenga maji ya Zambezi na ya Mto Kongo; kisha, kana kwamba wachoraji walichoka, unateremka na kuufuata Mto Luapula, na bonde lililokuwa moja linapasuliwa katikati.

Isitoshe, mto wenyewe hautulii. Marekani na Meksiko ziliufanya Rio Grande kuwa mpaka mwaka 1848, mto ukajihamishia kusini karibu na El Paso, na kipande cha ardhi kiitwacho Chamizal kikagombaniwa kwa takriban karne nzima hadi mkataba wa mwaka 1963. Botswana na Namibia nazo zilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuuliza ni upi kati ya mikondo miwili ya Mto Chobe ulio mkuu, kwa kuwa Uingereza na Ujerumani ziliandika katika mkataba wa mwaka 1890 kwamba mpaka ufuate mkondo mkuu, bila kujishughulisha kueleza zaidi. Mwaka 1999 kisiwa cha Kasikili, ambacho upande wa pili hukiita Sedudu, kikatangazwa kuwa cha Botswana. Huo ndio uasilia wenyewe.

Hayo, hata hivyo, ni ya mawakili. Linalonitia hasira hasa ni kwamba mpaka ukishapita mtoni, kila upande hujifunza kuliona nusu bonde kana kwamba ni bonde zima. Wa ng'ambo hii hupanda miti na wa ng'ambo ile hufyeka, matope yakajaa katika mto uleule mmoja, na kila mmoja akabaki na ripoti nzuri inayomsafisha. Mto Danube wa Ulaya hupita katika nchi 10 au kwenye mipaka yake, lakini bonde lake linagusa nchi 19. Maana yake ni kwamba kuna nchi 9 ambazo mto huo hauzifikii kabisa ilhali vijito vyake vinapokea maji yao, udongo wao na uchafu wao. Kwa hesabu ya msomi wetu wa redioni, hizo hazihusiki.

Wala si kwamba hakuna aliyewahi kusema. Mwaka 1890 John Wesley Powell, aliyekuwa mkuu wa idara ya upimaji wa jiolojia ya Marekani, alitoa ramani iliyoigawa nchi kame ya magharibi kwa kufuata mabonde ya mito, akitaka wakazi wa kila bonde waamue pamoja juu ya maji yao, misitu yao na malisho yao. Wanasiasa walimpuuza. Mwaka 1922 majimbo 7 yakagawana Mto Colorado kwa kutegemea vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi kupita kawaida, yakalikata bonde hilo moja kuwa la juu na la chini, na Meksiko, ambayo iko mwisho wa mto huohuo, ikasubiri fungu lake hadi mkataba wa mwaka 1944.

Nakubali, shingo upande, kwamba migongo ya milima nayo si malaika. Argentina na Chile zilikubaliana mwaka 1881 kuufuata mstari wa vilele virefu vinavyogawa maji, zikaja kugundua kwamba kule Patagonia, kusini mwao, vilele viko kwingine na mgawanyiko wa maji uko kwingine, hadi mfalme wa Uingereza akalazimika kuamua mwaka 1902. Francisco Moreno, mtaalamu wa upande wa Argentina, alifikia hatua ya kuamuru Mto Fénix uchimbiwe njia nyingine, ili kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuubadili mgawanyiko huo. Nakiri kwamba ujanja huo ulinifurahisha. Na maji ya chini ya ardhi, naam, hayajali bonde wala mlima.

Lakini hakuna anayedai ramani za dunia zichorwe upya. Ufaransa iliunda mashirika ya maji ya mabonde kwa sheria ya mwaka 1964 bila kuigusa mikoa yake, na Tanzania ina mabonde 9 ya maji, kila moja na bodi yake. Mto Songwe, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi na ambao umezoea kuhama njia, sasa una kamisheni ya pamoja ya nchi hizo mbili, na kamisheni hiyo haikupewa mto peke yake bali bonde zima.