Jini akianza kuimba, woga unaisha?

Kwenye mabanda ya video ya Ng'ambo na Isevya, hapa Tabora, kuna ubishi usioisha: picha la ngumi au la kutisha likianza kuimba, liachwe liendelee au lipelekwe mbele? Upande mmoja wamo vijana wanaosema wamekuja kumwona steling akipambana, nyimbo waachiwe watu wa taarabu. Upande wa pili wamo waliokulia kwenye picha za Kihindi, ambao picha isiyo na wimbo wanaiona haijakamilika. Tangu ilipotoka Sinners mwaka 2025, picha la wanyonya damu lililojaa muziki wa bluzi, ubishi huo umepamba moto zaidi.

Nianze na wanaokataa, maana hoja yao ni nzito kuliko wanavyoisema wenyewe. Wengi wanaishia kwenye "nyimbo zinaboa". Lakini ndani yake kuna jambo la kweli kuhusu namna woga unavyotengenezwa. Picha la kutisha linategemea ukimya: bawaba inayolia, hatua za mtu gizani, pumzi ya aliyejificha uvunguni. Mtazamaji anakaa roho mkononi kwa sababu hajui ni saa ngapi atashtuliwa. Wimbo una mwanzo, una kiitikio, una mwisho, na kila aliyezoea picha anajua mwimbaji hafi katikati ya ubeti. Kwa hiyo wimbo ukianza, banda zima linajipa mapumziko. Huyu anatoka kwenda haja, yule anafuata karanga, mwingine anapokea simu aliyokuwa ameikaushia. Wakirudi kwenye mabenchi, kazi ya kuwatisha inabidi ianze upya.

Kwenye ngumi hali ni mbaya zaidi. Kuna picha nyingi za Kihindi ambamo kijana anawasaka waliomuua baba yake, damu bado mbichi, mara ghafla yuko kwenye milima ya Uswisi na mchumba wake, dada wa watu kavaa sari nyepesi juu ya theluji, na wamebadilisha nguo mara tatu kabla wimbo haujaisha. Halafu kisasi kinaendelea kana kwamba hawakutoka. Hapo sina cha kutetea. Anayepeleka mbele na apeleke.

Ila siyo nyimbo zote zinazokaa hivyo. Kipimo changu ni kimoja: toa wimbo, kisha uangalie kama hatari bado ipo. Kama ipo vilevile, wimbo ulikuwa pambo. Kama imeondoka nao, basi wimbo ndio uliokuwa pambano lenyewe.

Chukua Sholay, ya mwaka 1975, picha la zaidi ya saa tatu ambalo wazee wetu wanaweza kukusimulia kipande kwa kipande. Jambazi Gabbar Singh amemfunga Veeru, na mpenzi wake Basanti anaambiwa acheze: miguu yake ikisimama tu, Veeru anapigwa risasi. Jua kali, mwamba unaunguza, kisha chupa zinavunjwa chini ya nyayo zake. Anacheza juu ya vigae, damu inatoka, na anaendelea kucheza. Hapo nani atatoka kwenda kununua karanga? Kila mpigo wa ngoma ni sekunde nyingine ya uhai wa mtu. Ukiupeleka mbele wimbo ule, umeruka kipande kikali kuliko risasi nyingi zinazokuja baadaye.

Nagina ya mwaka 1986 inakwenda mbali zaidi, na nadhani ndiyo inayowasumbua zaidi wapinzani wa nyimbo. Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mtu na kuolewa. Amrish Puri ni mganga wa nyoka anayejua siri hiyo, na anaingia ndani ya nyumba na wenzake wakipuliza mazumari. Hakuna bunduki, hakuna panga. Zumari linamvuta yule mwanamke atoke kwenye umbo la binadamu, naye anajibu kwa kucheza na kuimba kwamba wewe ni adui yangu na mimi ni adui yako. Macho yamebadilika rangi, mwili unapinda kama hauna mifupa, na unaona kabisa kwamba akishindwa na zumari, ndoa yake na maisha yake vimekwisha. Wimbo, ngumi na jini vimo ndani ya kipande kimoja, huwezi kuvitenganisha. Sijaona aliyelipeleka mbele zumari lile.

Mtu wa Tabora hapaswi kushangaa. Bayeye wa Unyamwezini na Usukumani, wale mafundi wa nyoka na wa dawa za kuumwa na nyoka, wanacheza ngoma wakiwa na chatu shingoni. Watu wanajaa kutazama, watoto wanasogea na kukimbia, wanasogea tena. Anayecheza anaimba, na anayetazama anaogopa. Kusema kwamba muziki na woga haviivi chungu kimoja ni kusahau kilichokuwa kikichezwa hapa kabla ya umeme kufika.

Sasa Sinners, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Mwaka ni 1932, Mississippi, Marekani. Ndugu mapacha, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanafungua ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi wa mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, ana gitaa na sauti ya ajabu. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba wanyonya damu wanachelewa: muda mrefu unapita watu wakipiga gitaa na kupiga soga. Kama umelipia picha la kutisha, nakuelewa.

Lakini angalia kinachowaleta. Sammie anapoimba, ukumbi unajaa watu wasiokuwa wa wakati ule: wachezaji wa Afrika wa zamani, mpiga gitaa la umeme, vijana wa hip hop, wote kwenye sakafu moja na wakulima wa pamba. Aliyekulia mahali ambapo ngoma hupigwa kuita mizimu hahitaji kufafanuliwa kipande hicho. Na sauti hiyohiyo ndiyo inayomvuta Remmick, mnyonya damu mwenye asili ya Ireland, anayeutaka uwezo wa Sammie ili awafikie watu wake aliowapoteza. Anakuja na nyimbo za kwao, na nje gizani kundi lake linacheza mduara naye. Mnyonya damu haingii bila kukaribishwa, kwa hiyo anaimba mlangoni. Muziki umeita hatari, na hatari imejibu kwa muziki. Hata hivyo, wanaosema nusu ya kwanza ingepunguzwa dakika kadhaa hawajakosea sana. Duniani kote picha hilo liliingiza zaidi ya dola milioni 300, ingawa watu kununua tiketi si ushahidi kwamba kila wimbo ulistahili kuwepo.

Kuna kikwazo kingine ambacho watetezi wa nyimbo hawapendi kukigusa: lugha. Picha nyingi tunazoziona zimepitia kwa DJ anayetafsiri, sauti yake ya Kiswahili ikiwa juu ya picha. Wengi wao wimbo ukifika hunyamaza, au huleta masihara yao. Kwa Nagina haidhuru, mwili wa Sridevi unajieleza. Kwa picha kama Sweeney Todd ya mwaka 2007, ambamo sehemu kubwa ya kisa inaimbwa kwa Kiingereza, DJ akinyamaza umebaki na kinyozi mwenye wembe na hujui kisasi chake kinamhusu nani. Ajabu ni kwamba kipande kinachotisha kuliko vyote kinapenya hata hivyo: Johnny Depp anaimba kwa upole, kama baba anayemkumbuka binti yake, huku akiwachinja wateja mmoja mmoja kwenye kiti. Sauti laini, koo zinakatwa. Hapo huhitaji kujua Kiingereza.

Kuhusu Joker ya pili, ya mwaka 2024, nitasema kidogo. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, hii iliyogharimu karibu milioni 200 ikarudisha zaidi kidogo ya hapo. Wengi wanautupia wimbo lawama yote. Mimi naona nusu ya lawama ni ya matangazo, ambayo hayakuweka wazi kwamba ni picha la kuimba. Nusu iliyobaki ni kwamba nyimbo zake nyingi zinaota tu pembeni wakati kisa kimesimama. Michael Jackson, kwenye video ya Thriller ya mwaka 1983, aliwachezesha maiti kwa dakika kama 14 na dunia ikamwelewa. Dakika hizo zilimtosha.

Sisi wenyewe je? Picha za majini na misukule tumezitengeneza tangu enzi za mwongozaji Mussa Banzi na picha lake la Shumileta, lakini ndani yake wimbo kwa kawaida umebaki juu ya picha, haukutoka mdomoni mwa mhusika. Wanaotaka jini wa Kinyamwezi aimbe kweli, kwa ngoma ya kweli, nami nimo. Wanaopinga wanajibu kwamba katika picha zetu nyingi hata mazungumzo ya kawaida yanamezwa na muziki wa nyuma, na mtu analazimika kukisia jini amesema nini. Hoja hiyo sina jibu lake rahisi. Kurekodi mtu akiimba huku anakimbizwa porini kunataka fundi wa sauti anayelipwa vizuri na siku za kutosha za kupiga picha, na mtayarishaji wetu bajeti ikibana, anayekatwa wa kwanza ni fundi huyo.