Sayansi ya mazingira: Nairobi ina kazi tele, lakini nani atailipa?

Mtoto akipata nafasi ya udaktari au uhandisi, ukoo mzima unajua atakuwa nani. Akipata sayansi ya mazingira, wajomba hutazamana. Mmoja atauliza kama hiyo ndiyo kozi ya kupanda miti, maana tangu serikali itangaze mwaka 2022 kwamba itapanda miche bilioni 15 ifikapo 2032, mazingira na mche vimekuwa kitu kimoja. Mwingine atataja NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, kisha atauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa kumshika mkono huko ndani. Mtoto mwenyewe huenda hana jibu. Si wachache walioipata kozi hii kwa sababu KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, iliwapeleka huko alama zilipopungua kwa chaguo la kwanza.

Wanaoibeza kozi hii wana hoja nzito kuliko hiyo ya miti. Wanasema ni pana mno. Kwa miaka minne mwanafunzi anaonja kemia, ikolojia, takwimu, sheria, sera na ramani, kidogo kidogo. Akihitimu, mwanakemia anamshinda maabarani, wakili anamshinda mahakamani, mhandisi anamshinda kwenye mtambo wa maji taka, na mpima ardhi anamshinda kwenye ramani. Mbaya zaidi, fani hii haina ua wa kumzuia asiyeisomea. Kuwa daktari au mhandisi kunahitaji shahada ya fani hiyohiyo na usajili wa bodi yake. Lakini kanuni za tathmini ya athari za kimazingira za mwaka 2003 zilimruhusu mwenye shahada ya fani yoyote kusajiliwa na NEMA kama mtaalamu, mradi awe amepata mafunzo ya tathmini. Aliyesomea historia na aliyesomea mazingira wanapanga foleni moja.

Na hata mashujaa wetu wanawapa wabezaji hao ushahidi. Wangari Maathai, aliyeinusuru bustani ya Uhuru mwaka 1989 na kupigwa akiutetea msitu wa Karura muongo mmoja baadaye, shahada yake ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi ilikuwa ya anatomia ya mifugo. Phyllis Omido wa Owino Uhuru, Mombasa, alisomea usimamizi wa biashara. Aliajiriwa mwaka 2009 na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, akapewa kazi ya kusimamia ripoti ya mazingira, na ripoti iliposema kiwanda kihamishwe, akaondolewa kwenye kazi hiyo. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira. Basi shahada ya mazingira ni ya nini?

Hoja hiyo inavutia, lakini inasahau jinsi wakazi wa Owino Uhuru walivyoishinda kesi yao wakapata haki. Ujasiri wa Omido ndio ulioifikisha mahakamani. Kilichosimama kizimbani ni vipimo: kiasi cha madini ya risasi katika damu ya watoto na katika udongo wa mtaa. Bila namba hizo, wakazi wangebaki na malalamiko tu, na fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyotolewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, ikarejeshwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024, isingekuwa na pa kushika. Mwanaharakati anaweza kutoka popote. Mtu wa kupima hafundishwi barabarani.

Hapa Nairobi kazi ya huyo mtu wa kupima haina mwisho. Chukua mto wenyewe. Unapita katikati ya jiji, unakutana na mito ya Mathare na Ngong, unaingia mto Athi, na maji hayohayo yanatokea kama Sabaki kaskazini ya Malindi. Kando yake liko jaa la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001. Malori bado yanaingia. Sasa fikiria mhitimu aliyetumwa kuchota maji chini ya bomba la kiwanda. Anajaza chupa mpaka mdomoni pasibaki kiputo cha hewa, anapima oksijeni iliyomo, anaifungia chupa gizani kwenye nyuzi 20, na baada ya siku 5 anapima tena. Tofauti ndiyo oksijeni iliyoliwa na vijidudu wakila uchafu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha oksijeni hiyo kuwa miligramu 30 kwa kila lita ya maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Akiacha kiputo kwenye chupa, au umeme wa maabara ukipotea siku ya tatu, wakili wa kiwanda atampasua mbele ya hakimu. Hiyo ni taaluma, na haisomwi kwa kukariri notisi usiku wa mtihani.

Shida ni kwamba mto hauna mfuko. Wanaoteseka kwa uchafu wake, kule Korogocho na Mukuru, hawana pesa za kuajiri mtaalamu, na wanaouchafua hawana hamu. Ndiyo maana naona swali la kama kuna kazi linaulizwa vibaya. Katika fani hii kazi huzaliwa na sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ndiyo iliyowalazimisha watu kununua ujuzi huu, na anayetaka kujua kama atapata riziki ajiulize: ni nani leo analazimishwa kulipa, na anamlipa nani?

Jibu la kwanza ni mwenye mradi. Anayejenga ghorofa Kilimani au kituo cha mafuta Ruaka hawezi kuanza bila leseni ya NEMA, na baadaye anatakiwa afanyiwe ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Kampuni ndogo za ushauri mjini zinaishi kwa kazi hii. Mhitimu mgeni ndiye anayetumwa uwanjani: kupeleka barua kwa chifu, kuandaa baraza, kugawa fomu za maoni kwa majirani na mabawabu, kupima kelele, kupiga picha za mtaro. Ripoti inatiwa sahihi na mtaalamu kiongozi, mwenye miaka yake na leseni yake. Mgeni analipwa nauli na ahadi.

Hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa ya fani hii, kubwa hata kuliko kusaga lami ukitafuta kazi. Anayekulipa ndiye unayemchunguza. Ni kama mtahiniwa kumlipa msahihishaji. Mwenye mradi anataka leseni. Ripoti yenyewe hata hataisoma. Kwa hiyo anamtafuta wa bei ya chini, na wa bei ya chini anaimudu bei hiyo kwa kunakili: ripoti ya mwaka jana inabadilishwa namba ya kiwanja na jina la barabara, majina ya ndege na miti yanabaki yaleyale, na fomu za maoni zinajazwa mwandiko mmoja. Kuna hata wanaokodisha sahihi. Kijana aliyefundishwa miaka minne namna ya kuona anakuta soko linamlipa afumbe macho. Wengine hufumba. Siwalaumu sana, kodi ya nyumba haingoji, ila ni vizuri kijana ajue mapema kwamba mtihani huo unamsubiri.

Lakini si giza tupu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni kwa mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050. Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira liliifuta, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo na tathmini ilikuwa na kasoro. Fikiria gharama ya hapo: mradi mzima umesimama kwa sababu ya ripoti. Tangu hapo mwenye mradi mkubwa, hasa anayekopa kwa benki za maendeleo za kimataifa zenye masharti yao, ana sababu ya kifedha ya kutaka kazi safi. Na wale wa upande wa pili, mashirika na mawakili wa wananchi, nao wanahitaji mtu wa kuisoma ripoti ya kurasa mia kadhaa na kuonyesha palipo na uongo. Ni soko dogo, lakini linalipa ujuzi wa kweli.

Jibu la pili wanafunzi huwa hawaambiwi siku ya kupokelewa chuoni. Wahitimu wengi ninaowafahamu hawako msituni wala NEMA. Wako kwenye viwanda vya barabara ya Mombasa na maeneo ya ujenzi, wamevaa kofia ngumu na reflekta, wakiitwa maafisa wa usalama na mazingira. Asubuhi wanahesabu mitungi ya kuzimia moto, mchana wanagombana na msimamizi juu ya mafuta yaliyomwagwa, jioni wanajaza ripoti ya ajali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ndiyo inayowaweka pale kwa sehemu kubwa. Haina sifa mtaani, ila mshahara unaingia mwisho wa mwezi.

Gigiri nitaipita haraka. Kuwa na makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoanzishwa 1972, pale mjini mwetu kunawapa wazazi ndoto, na kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta hadi pale si mbali kama barabara iko wazi, jambo ambalo wenyeji wa Nairobi wanalijua kwa kusimuliwa tu. Lakini nafasi zile zinagombaniwa na dunia nzima na nyingi zinadai shahada ya pili na uzoefu wa miaka. Na tangu Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025, watu wenye uzoefu huo waliomwagwa na miradi wanatafuta kazi zilezile ambazo zamani wangeachiwa vijana.

Serikali za kaunti? Katiba ya 2010 imezikabidhi taka, kelele na uchafuzi wa hewa, kwa hiyo kwenye karatasi kazi ni nyingi. Nafasi zinatangazwa mara chache.

Kinachonipa matumaini zaidi ni sheria mpya. Ile ya taka ya 2022 inambebesha mtengenezaji wa bidhaa mzigo wa kile kinachobaki baada ya bidhaa kutumika. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yameweka biashara ya kaboni, yaani kuuza kipimo cha hewa chafu iliyopunguzwa au kunaswa, chini ya kanuni, na mradi unaotumia ardhi unatakiwa uwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Asilimia 40 ya kiasi gani? Lazima mtu aende apime miti au udongo ndipo ijulikane. Soko la hisa la Nairobi nalo lilitoa mwongozo mwaka 2021 wa kampuni kuripoti mambo ya mazingira. Ila tazama nani anaichukua kazi hiyo ya ripoti: wahasibu. Wanajua vitabu vya kampuni, na mazingira wanajifunza njiani. Mhitimu wa mazingira anayeogopa jedwali la hesabu atabaki kuwaletea takwimu.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kozi hii ni ya kupoteza muda, wala na anayeiuza kama tiketi ya kesho. Kwa aliyeitaka mwenyewe, akaongeza juu yake jambo moja la kumtia mikono kazini (maabara ya maji, ramani za setilaiti, uhasibu, au sheria), ni shahada nzuri kuliko nyingi zinazosifiwa. Kwa aliyepelekwa na alama, anayengoja tangazo la NEMA gazetini, ni deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, lisilo na dhamana.

Wapo wanaotaka fani ijengewe ua, kwamba asiyesomea mazingira asisajiliwe. Naelewa uchungu wao, lakini ua huo ungemfungia nje Omido anayefuata, na wanaonakili ripoti wengine wana shahada ya mazingira hasa. Dawa iliyo karibu ni nyingine. NEMA inayo mamlaka ya kumfutia usajili mtaalamu anayekiuka maadili ya kazi. Ikiyatumia wazi, na majina yakachapishwa, sahihi ya kukodi itakuwa ghali kuliko siku tano za kungoja majibu ya maabara, na kijana anayejua kujaza ile chupa bila kiputo atakuwa na kitu ambacho mwenye ghorofa analazimika kukinunua.