Mchango wa SHA: mwaka mzima kwa mkupuo unamfaa nani?

Ufuoni Dunga, Kisumu, nchini Kenya, mapato hufuata mwezi wa angani. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hutulia nchi kavu na wachuuzi hukosa cha kuanika. Mchuuzi huyo akitaka bima ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 3,600. Chini ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyotoa nafasi kwa SHA tarehe 1 Oktoba 2024, alilipa 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Kiwango cha chini kimeshuka, kizingiti kimepanda.

Kanuni hiyo ina sababu nzito. Mtu akiruhusiwa kulipa mwezi anaotaka, atalipa anapougua au mimba inapokaribia siku zake, kisha aache. Upasuaji wa kujifungua hulipiwa 30,000: hiyo ni michango ya chini ya miaka minane na ushee. Kikao kimoja cha kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo ni 10,650. Akienda mara mbili kwa wiki, mwaka unakula 1,107,600, mchango wa karibu kaya 308 za kiwango cha chini ambazo hakuna hata mtu mmoja wao aliyelazwa. Mfuko unaotegemea wanaoingia na kutoka hauwezi kuubeba mzigo huo.

Hata hivyo, tazama ni nani anayefaulu kukusanya 3,600 kwa pamoja. Ni mwenye nacho, au mwenye mgonjwa nyumbani aliyeuza mbuzi ili apate matibabu. Kijana wa boda boda pale Kondele, mzima wa afya, ambaye mfuko unamhitaji kuliko wote, anaahirisha mpaka mwaka unakwisha. Kanuni iliyowekwa kuwazuia wanaojiunga wakiwa tayari wagonjwa inaishia kuwachuja wenye afya. Kwangu hoja hii ina uzito zaidi, kwa sababu pengo linazibwa na wenye mishahara. Wao hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kikomo, na mwajiri haongezi kitu, tofauti na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambako analipa sawa na mfanyakazi. Mwalimu wa Kakamega mwenye mshahara wa 50,000 hutoa 1,375 kila mwezi. Ni haki amsaidie jirani, lakini hawezi kumbebea kijiji kizima.

Kuna pia maswali ya kupima uwezo, yanayotumiwa kumpangia mchango asiye na mshahara: paa la nini, sakafu ya nini, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Nyumba husema yaliyopita. Mjane anayeishi katika nyumba ya matofali aliyojengewa na marehemu huonekana tajiri, ilhali siku hizi anaishi kwa kuuza mboga. Akipangiwa kiasi asichokiweza, halipi nusu, haingii kabisa.

Utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole umejaribu kulegeza kamba kwa mkopo unaorejeshwa kidogo kidogo. Ni hatua njema, ila mkopo ni deni, na mwezi mpevu hauahirishi deni. Ningependelea ahadi ya mwaka mzima inayolipwa kwa robo nne: anayeacha na kurudi alipe kwanza malimbikizo, na matibabu yasiyo ya dharura yasubiri miezi michache. Malipo ya kila siku nisingeyapendekeza; ada ya kutuma shilingi kumi kumi ingekula mchango wenyewe.

Yote hayo hayatasaidia ikiwa hospitali inacheleweshewa fedha zake. Mtoa huduma asiyelipwa kwa miezi hupunguza dawa stoo, na mwanachama aliyelipa kila kitu hupewa karatasi akanunue sindano na glavu kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Mwaka wake ukiisha, karatasi ile ndiyo atakayoikumbuka anaposhika simu kuamua kama atalipa tena.