Kifafa na mimba: msiache dawa ghafla
Nimesoma makala inayoonya wajawazito kuhusu valproeti, dawa ya kifafa. Mwandishi kasema kweli: karibu mtoto 1 kati ya 10 ambao mama zao waliimeza wakiwa wajawazito huzaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwemo. Ila kasahau upande wa pili: kuacha dawa ghafla nako ni hatari. Mdogo wangu ana kifafa. Alipogundua ana mimba aliacha vidonge siku hiyohiyo, wiki haikuisha akaanguka jikoni, mkaa unawaka. Mungu tu! Halafu mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto, ule usipofunga huleta mgongo wazi, hujifunga ndani ya wiki 4 tangu mimba itunge, wengine hata hatujajua kama tumeshika. Kwa hiyo daktari aulizwe kabla ya kubeba, abadilishe dawa taratibu, na foliki (vitamini ya kusaidia kuzuia mgongo wazi) ianze mapema. Ukisubiri kliniki ya wajawazito umeshachelewa.