Kadi 600,000: nani hasa aliikataa tyuna ya kebo?

Mjadala kuhusu tyuna za kebo za kompyuta, yaani vifaa vya kupokelea chaneli za kebo kwenye kompyuta, ukianza, haukawii kufika kwenye namba ileile. Katikati ya muongo uliopita, kampuni kubwa za kebo za Marekani zilikuwa zimetoa kadi kama 600,000 tu za kufungulia chaneli kwa wateja waliotaka kuzichomeka kwenye vifaa vyao wenyewe, iwe TiVo, mashine ya kurekodia vipindi, au kompyuta ya sebuleni. Ving'amuzi vya kukodi vilikuwa zaidi ya milioni 40. Basi, husema watetezi wa kampuni hizo, wateja walishapiga kura yao. Namba siibishii. Nabisha tafsiri yake.

Sisi tunakiita king'amuzi kwa sababu kinang'amua mawimbi yaliyofungwa. Wamarekani wanakiita boksi la juu ya runinga, jina linalotaja kinapokaa na kunyamaza kuhusu kinachofanya. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, kifungu cha 629, ilitaka mteja aweze kununua kifaa hicho dukani kwa yeyote, kama anavyonunua simu ya mezani. Dawa iliyopatikana ilikuwa kutenganisha mambo mawili: kule kung'amua kuwekwe kwenye kakadi kadogo kanakobaki mali ya kampuni, kanakoitwa CableCARD, na kilichobaki chote, yaani tyuna, diski ya kurekodia, rimoti na orodha ya vipindi, kiwe mali ya mteja. Ili kampuni zisiipuuze kadi hiyo, kuanzia Julai 1, 2007 tume ya mawasiliano, FCC, ilizilazimisha kuitumia hata kwenye ving'amuzi vyao wenyewe.

Ukielewa hilo, ile namba inageuka sura. Wale milioni 40 na ushei nao walikuwa na kadi ileile, imejificha nyuma ya kifuniko cha king'amuzi cha kampuni, ikifanya kazi usiku na mchana bila mtu kuilalamikia. Kadi haikuwa mbovu, wala haikuwa ngumu kuitumia. Ilikuwa ngumu ilipotoka nje ya boksi la kampuni tu, na ugumu huo haukushuka kutoka mbinguni.

Tazama miaka ya mwanzo. Tyuna ya kampuni ya ATI ya kebo ya dijitali ilitoka wakati wa Windows Vista, lakini hukuweza kuingia dukani ukainunua peke yake ukaichomeka nyumbani. Ilibidi ununue kompyuta nzima kutoka kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa, yenye idhini maalumu ndani ya BIOS yake, ile programu ya msingi inayoiwasha. Kwa hiyo wale wanaojiundia kompyuta kwa mikono yao, ambao ndio wateja pekee ungeweza kuwa na hakika nao, walifungiwa nje tangu siku ya kwanza. Sharti hilo lililegezwa Septemba 2009. Mwaka 2010 ikaja InfiniTV 4 ya Ceton, yenye uwezo wa kupokea chaneli nne kwa wakati mmoja kwa kadi moja, kwa dola 399. Mwaka uliofuata ikaja HDHomeRun Prime, yenye tyuna tatu, inayogawa matangazo kupitia mtandao wa nyumbani. Kisha Julai 2015 Windows 10 ikatoka bila Media Center, programu pekee ya kompyuta iliyoruhusiwa kuonyesha chaneli zilizolindwa. Ukihesabu vizuri, kifaa hiki kiliishi sokoni kama miaka mitano ya haki. Mtoto wa miaka mitano tunamlaumu kwa kutokuwa na wajukuu.

Na katika miaka hiyo mitano, mwenye kutaka kadi alipitia nini? Hadi kanuni mpya za FCC za mwaka 2010 zilipoanza kufanya kazi, kampuni nyingi zilisisitiza fundi aje nyumbani kuichomeka, kazi isiyozidi kuingiza kadi kwenye tundu. Baada ya hapo unapiga simu na kumsomea mhudumu namba ndefu zinazotokea kwenye skrini: ya kadi, ya kifaa, ya uoanishaji. Tarakimu moja ikikosewa, chaneli za wazi zinaonekana na za kulipia zinabaki nyeusi, unaanza upya. Katika miji ambako kampuni hutuma chaneli fulani pale tu mtu anapozifungua, kadi peke yake haikutosha. Ulipewa kifaa kingine cha kuiombea chaneli. Yaani umenunua tyuna ili uachane na boksi la kampuni, nao wanakuletea boksi dogo likae pembeni yake.

Kubwa kuliko yote ni alama za kunakili. Kila chaneli hubeba ndani yake maagizo: nakili upendavyo, nakili mara moja, au usinakili kabisa. Kampuni ya kebo ya Comcast kwa sehemu kubwa iliacha chaneli za kawaida huru. Mwenzake, Time Warner Cable, iliweka alama ya mara moja karibu kwenye kila chaneli isiyo ya matangazo ya wazi. Matokeo yake, majirani wawili wenye kompyuta ileile na tyuna ileile, tofauti yao ikiwa mtaa na kampuni inayouhudumia, waliishi dunia mbili. Wa kwanza alirekodi mechi akaitazama kwenye kompyuta mpakato safarini, hata kwa kutumia MythTV, programu ya kurekodi vipindi, kwenye Linux. Wa pili alirekodi mechi hiyohiyo ikagandamana na mashine iliyoirekodi. Ubao mama ukiungua, maktaba yake yote inakwenda nao, ingawa diski ni nzima na mkononi anayo. Huyu wa pili akirudisha tyuna dukani, anahesabiwa kuwa mtu ambaye hakuitaka.

Sasa haki itendeke kwa upande wa pili, maana una hoja. Kwenye vifaa vya kununua, kadi ilifanya kazi ya njia moja tu. Ilipokea, haikuagiza, kwa hiyo vipindi vya kuchagua wakati wowote, ambavyo wateja wengi walivipenda, havikuonekana kwenye kompyuta. Kampuni zilidai kwamba kulazimishwa kuweka kadi kwenye ving'amuzi vyao kuliwagharimu zaidi ya dola bilioni 1, na gharama kama hiyo hatimaye humshukia mteja. Zilikuwa pia na mikataba na studio za filamu, na studio hazina huruma na mtu anayeachia nakili holela. Na tukubaliane: kompyuta ya sebuleni ni kazi. Siku unayosafiri ndiyo Windows itakayoamua kujisasisha saa mbili usiku, na utapigiwa simu na nyumba nzima. Umeme nao? Kompyuta isiyozimwa inakula. Lakini hapa upande wa pili usijisifu sana: utafiti wa shirika la mazingira la NRDC wa mwaka 2011 ulikuta ving'amuzi vya Marekani vilimeza kama kilowati-saa bilioni 27 mwaka 2010, sehemu kubwa wakati hakuna anayetazama.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 2015 maseneta Edward Markey na Richard Blumenthal walizihoji kampuni za televisheni za kulipia, wakakuta kwamba kaya ya wastani ililipa dola 231.82 kwa mwaka kukodi ving'amuzi, vikiwa wastani wa 2.6 kwa kaya, na kwamba asilimia 99 ya wateja walikodi. Kwa nchi nzima ni kama dola bilioni 20 kila mwaka. Chukua InfiniTV 4 ya dola 399, na kodi ya kadi yenyewe tuseme dola 3 kwa mwezi. Kama kompyuta unayo, na mashine ya michezo ya Xbox 360 unayo ya kupeleka matangazo chumba cha pili, fedha yako inarudi katika miaka miwili hivi. Kama vyote huna, inaweza kufika miaka minne au zaidi, na hapo hesabu ya yule anayekodi si ya kijinga hata kidogo. Ila aliyekodi mwaka wa nne analipa sawa na mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi vilevile, kwa boksi ambalo siku akihama analirudisha. Ukitazama bilioni 20 hizo, huhitaji kudhani njama yoyote. Inatosha kujiuliza ni meneja gani angemharakisha fundi kwenda kuchomeka kadi itakayompunguzia mapato.

Ndiyo maana sioni kura ya wananchi katika zile 600,000. Ninachokiona ni idadi ya wakaidi waliovuka vizingiti vyote hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Sheria ya mwaka 2014 iliondoa wajibu wa kampuni kutumia kadi kwenye ving'amuzi vyao kuanzia Desemba 2015. Mwaka 2016 mwenyekiti wa FCC, Tom Wheeler, alileta mpango wa kufungua soko upya, Rais Obama akauunga mkono, na haukufika kwenye kura ya mwisho. Mwaka 2020 FCC ikafuta kanuni za kadi zilizobaki. Mtu akikuuzia HDHomeRun Prime iliyotumika leo, piga simu kwanza uulize kama kampuni ya mtaani kwako bado inatoa kadi. Bila kadi ni kipande cha plastiki chenye taa.

Kimbilio la wengi limekuwa antena. Tyuna ya matangazo ya angani haihitaji kadi wala simu ya kumsomea mtu namba, na chaneli kubwa za Marekani zinapatikana bure. Lakini katika mfumo mpya wa matangazo hayo, ATSC 3.0, vituo vilianza kufunga mawimbi yao mwaka 2023, na miongoni mwa vifaa vilivyojikuta vikikamata ishara bila kuweza kuifungua ni HDHomeRun za SiliconDust, kampuni ileile iliyotengeneza Prime. Safari hii hakuna hata king'amuzi cha kukodi. Mtu ana antena yake, tyuna yake na kompyuta yake, chaneli ni ya bure, na skrini ni nyeusi.