"Imefika linta" maana yake nini?

Mama yangu mdogo alijenga Gungu, hapa Kigoma, kwa pesa aliyoidunduliza kwenye biashara ya dagaa. Alikubaliana na fundi amlipe kwa awamu tatu: msingi, linta, kupaua. Wakaandikiana, mashahidi wawili wakatia sahihi. Msingi ulipita bila neno.

Tofali zilipofika usawa wa juu wa milango na madirisha, fundi akadai pesa ya awamu ya pili. Kwake, boma lilikuwa limefika linta. Mama mdogo naye alijua linta ni zege: nondo zimesukwa, mbao zimefungwa, zege limemwagwa na kushika. Na zile kozi, yaani mistari ya tofali, zinazopandishwa juu ya linta kabla ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ni za awamu ipi? Karatasi haikusema. Mvua za Novemba zikalikuta boma liko wazi, wenyewe bado wanabishana.

Ndugu wengi walimwita fundi tapeli. Mimi nakataa. Kila mmoja alilishika neno lile lile kwa maana anayoijua, na hapo ndipo mikataba yetu inapovunjikia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwenye kifungu cha 29 kwamba makubaliano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kufanywa ijulikane, ni batili. Kwa nini tusubiri kufika huko wakati sentensi moja ingetosha? "Awamu ya pili imekamilika zege la linta likishamwagwa kuzunguka nyumba nzima na mbao kufunguliwa, mwenye nyumba atakagua ndani ya siku tatu." Jina la hatua pekee halitoshi. Andika kitu ambacho hata jirani akisimama uwanjani atakiona, na andika nani anakikagua.

Mahakama zinalijua hili. Kwenye kesi ya madai, mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi, na siku hizo zinahesabiwa tangu alipopokea wito. Hazianzi siku kesi ilipofunguliwa. Kila mtu anajua saa imeanza kugonga lini.

Lakini mwananchi haelezwi hatua alipo, na hili linaniuma. Niliwahi kukaa kwenye benchi na mzee aliyetoka Kasulu na mashahidi wake wawili, nauli zote juu yake. Siku hiyo kesi ilikuwa ya kutajwa tu, yaani kuangalia imefikia wapi na kupangiwa tarehe. Mashahidi husikilizwa siku ya kusikilizwa, na hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni siku mbili tofauti. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Basi na hatua zielezwe kwa Kiswahili hicho hicho, pale pale tarehe inapopangwa. Vivyo hivyo kwenye ardhi: tangu mwaka huo huo baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na siku 30 zikipita bila suluhu shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado nakutana na watu wanaosubiri hukumu kata.

Mama mdogo na fundi walikaa tena, safari hii juu ya rundo la tofali, wakaandika upya awamu ya kupaua: bati la mwisho limepigiliwa, kofia za kufunika kilele cha paa zimewekwa, mabaki ya mbao yamekabidhiwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, andika na misumari inanunuliwa na nani."